Kwa nini aliyeacha pombe ghafla hutetemeka badala ya kutulia?

Mdadisi:
Ndugu zangu, naomba kueleweshwa jambo lililonichanganya. Mjomba wangu amekunywa pombe kali kila siku kwa zaidi ya miaka kumi, na wiki hii aliamua kuiacha papo hapo, kwa hiari yake, nasi tukampongeza. Kesho yake asubuhi alishindwa kushika kikombe kwa mkono mmoja. Hata alipokishika kwa mikono miwili, maji yalimmwagikia kifuani. Usiku wa pili alianza kufukuza wadudu ukutani ambao hakuna mwingine aliyewaona, huku jasho likimtiririka na moyo ukimwenda mbio. Tulimkimbiza hospitali, na bado amelazwa. Nilidhani kilevi kikishatoka mwilini, mwili hupumzika. Inakuwaje kutoka kwake ndiko kulete ugonjwa? Na dawa nyingine za kulevya nazo hufanya hivyo, au ni tabia ya pombe peke yake?

Mfamasia:
Ndugu Mdadisi, pole kwa kuuguza, na mmefanya vyema kumpeleka.

Seli za ubongo huongozwa kwa sehemu kubwa na kemikali mbili: GABA, ambayo huzituliza, na glutameti, ambayo huziamsha. Pombe huitia nguvu GABA na kuibana glutameti, ndiyo maana mnywaji hupepesuka, husahau na kusinzia. Ubongo unaolegezwa hivyo kila siku haukai kimya: polepole vipokezi vya GABA, yaani sehemu za seli zinazoipokea kemikali hiyo, huwa vizito kuitika, na vile vya glutameti huongezeka, mpaka mtu anaweza kunywa kiasi ambacho kingemlaza asiyezoea, naye akaendelea kuzungumza vizuri. Watu humsifu kuwa ana kichwa kigumu; mimi nikimwona mtu wa namna hiyo huingiwa na wasiwasi. Fikiria mlango unaosukumwa na mtu aliye nje, huku mwenye nyumba akiusukuma kutoka ndani. Ukiutazama umetulia, kumbe wote wawili wanatoka jasho. Wa nje akiondoka ghafla, mwenye nyumba huanguka kifudifudi uani. Ulichokiona kwa mjomba ni nguvu ya yule wa ndani.

Kutetemeka huanza saa chache baada ya kinywaji cha mwisho, kifafa huweza kutokea ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuweweseka kwa aina uliyoieleza kwa kawaida huja kati ya siku ya pili na ya nne. Hali hiyo isipotibiwa huweza kuua. Hospitalini aghalabu hutumia dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu, ambazo huitia nguvu GABA ileile, kisha huzipunguza hatua kwa hatua; humpa pia vitamini B1, kwa kuwa walevi wengi wameishiwa nayo.

Muuguzi wa Zamu:
Nimehudumia waraibu wa heroini kwa miaka kadhaa, na naweza kuthibitisha kwamba si pombe peke yake. Hali hii ya kuugua kwa kukosa dawa wao wenyewe huiita arosto, na ukiitazama kwa makini utaona kila kitu kimegeuzwa juu chini. Heroini hubana mboni za macho mpaka zikawa kama ncha ya sindano, hufunga choo na hupooza maumivu. Ikikosekana, mboni hutanuka, tumbo huharisha, mifupa huuma, makamasi na machozi hutoka bila kilio, mtu hupiga miayo mfululizo, na ngozi husisimka ikawa kama ya kuku aliyenyonyolewa.

Mwaka 1973 Candace Pert na Solomon Snyder walionyesha kuwa ubongo una vipokezi vya dawa za jamii ya afyuni, heroini ikiwemo, na mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz wakabainisha enkefalini, vituliza maumivu ambavyo mwili hujitengenezea. Heroini, basi, hutumia ufunguo wa kuigiza kwenye kufuli ambalo halikuwekwa kwa ajili yake.

Arosto hii ni mateso makubwa, lakini kwa mtu mzima asiye na maradhi mengine, anayepewa maji ya kutosha, mara chache huua. Kifo hungoja mbele. Mtu akikaa wiki kadhaa bila kutumia, uzoevu wa mwili hupungua. Akirudia kipimo chake cha zamani, shina la ubongo linaloongoza pumzi huzidiwa, na kupumua hukoma. Naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya heroini, huweza kumrudisha, iwapo ipo karibu na mtu aliyemwona yupo.

Mwanafunzi wa Saikolojia:
Naongeza kwamba uzoevu haukai kwenye vipokezi tu. Shepard Siegel na wenzake walichapisha mwaka 1982 jaribio la panya waliozoeshwa heroini. Walipopewa dozi kubwa mahali walipozoea kuipata, takriban theluthi moja walikufa; dozi hiyohiyo walipopewa mahali pageni, walikufa karibu theluthi mbili. Mwili hujiandaa kwa dalili za mahali, kabla dawa haijaingia.

Hata hivyo, tusiifanye kanuni ya mlango kuwa ya kila kitu. LSD, dawa ya kulevya inayoleta maono, huzoeleka kwa siku chache tu, lakini haina arosto ya mwili inayojulikana.

Mdadisi:
Nawashukuru sana. Sasa naelewa hata kwa nini siku nisipokunywa kahawa kichwa huniuma. Swali la mwisho: shangazi anauliza kama mjomba akirudi nyumbani anaweza kumpimia pombe kidogo kidogo, ili asipatwe tena na hali ile.

Mfamasia:
Kuhusu kahawa umepatia: kafeini huziba vipokezi vya adenosini, kemikali inayoleta usingizi na kutanua mishipa ya damu kichwani, na usipoinywa adenosini hukuta nafasi tupu.

Kwa shangazi, jibu ni hapana. Akiruhusiwa kutoka atakuwa amekwisha kuvuka siku za hatari, na pombe itairudisha safari mwanzo. Akishaanza kunywa tena, asiache ghafla wala asipimiwe na mtu wa nyumbani. Arudishwe kwa daktari. Shangazi aulize pia kabla hawajaondoka wodini kama kuna dawa za kuendelea nazo, kwa vipimo gani na kwa siku ngapi, na aandike majibu kwenye karatasi.