Naomba ushauri: kupima kushuka kwa umeme biashara inapodorora

Ndugu wanachama, asalamu alaikum. Ninatunza hesabu za nyumba ya wageni hapa Malindi, na wenye mali wameniomba maelezo kuhusu kushuka kwa matumizi yetu ya umeme tangu watalii, hasa Waitaliano, walipopungua.

Kwa jumla jambo linaeleweka: uchumi ukidorora, viwanda hupunguza zamu na mashine huzimwa, ilhali majumbani taa na friji huendelea karibu kama kawaida. Marekani mwaka 2009 viwanda ndivyo vilivyopunguza sana. Nyumba, kidogo tu. Kwetu mambo yamechanganyika. Viyoyozi vya vyumba vitupu vimezimwa, lakini jokofu la samaki na pampu ya kisima haviulizi kama kuna mgeni, hivyo uniti zimeshuka kwa kiwango kidogo kuliko wageni. Tena katika kipindi hichohicho tuliweka balbu za LED kila chumba (mmoja wa wenye mali anaamini hizo ndizo zilizofanya kazi yote, mimi sikubaliani naye).

Nimeacha kulinganisha shilingi, kwa kuwa tozo ya mafuta katika bili hubadilikabadilika, nikachukua kilowati-saa, na Januari nailinganisha na Januari kwa sababu ya joto la kaskazi.

Naomba kuuliza: nikiwa na mita moja tu, nitatenganishaje upungufu uliotokana na wageni na ule wa balbu? Na je, nigawanye uniti zote kwa idadi ya vyumba vilivyolaliwa, au kwanza niondoe matumizi yale ya lazima?