Nina kazi nzuri ya kesi za mizigo bandarini, lakini nataka kutetea mahabusu. Nishaurini

BintiMajengo:
Assalamu alaikum na hamjambo nyote. Mimi ni wakili mchanga hapa Mombasa. Ofisi yetu inashughulikia madai ya mizigo: kontena zilizochelewa, bima ya meli, nani alipe gharama za mzigo uliolala bandarini. Mshahara si haba, mkopo wa masomo wa HELB naulipa, na mamangu namsaidia.

Juzi nilikuwa kortini nikingoja faili yangu itajwe. Kijana mmoja alisomewa shtaka la wizi wa simu, akapewa bondi (ahadi inayowekewa mali) ya laki mbili na mdhamini wa kiasi hichohicho. Mamake alikuwa ameketi benchi moja nami, bahasha ya kaki mapajani. Ndani mlikuwa na risiti za kodi anazomlipa mwenye shamba, zimepangwa mwaka kwa mwaka. Wenyeji mwayajua mambo yetu ya nyumba bila ardhi: nyumba ni yake, kiwanja si chake. Akaambiwa risiti hazifai, alete hati ya shamba au logibuku, yaani kitabu cha umiliki, ya gari. Kijana akarudishwa gereza la Shimo la Tewa. Hakuwa na wakili, na mamake hakujua amuulize nani.

Nataka kuzifanya kesi hizi, na nataka zaidi ya hapo. Nataka sheria zenyewe zibadilike, kama ilivyokuwa kwa kesi ya Muruatetu mwaka 2017, Mahakama ya Juu ilipoondoa ulazima wa hukumu ya kifo kwa kosa la mauaji. Mamangu asema hakunisomesha nikawatetee wezi. Mjomba asema nitauawa. Je, niache kazi sasa nitafute shirika la haki, au nibaki kwanza? Na nianzie wapi?

MzeeWaKorti:
Binti yangu, nimeshika kesi za jinai tangu kabla ya katiba ya 2010, kwa hivyo nitakwambia nilivyoona.

Usianze na petisheni kubwa. Hiyo Muruatetu unayoitaja ilikuwa rufaa ya wafungwa wawili waliohukumiwa kifo, na mawakili waliisukuma ngazi baada ya ngazi. Kisha Julai 2021 Mahakama ya Juu ikafafanua kwamba uamuzi ule ni wa kesi za mauaji peke yake. Waliohukumiwa kifo kwa wizi wa mabavu wakaambiwa hoja yao ianze upya Mahakama Kuu, iliyo ngazi ya chini. Fikiria mtu amekaa gerezani miaka mitatu akiamini mlango umefunguka. Mageuzi ya sheria ndivyo yaendavyo, na asiye na wateja wa kweli hajui pa kusukuma.

Anza na dhamana. Kifungu cha 49 cha Katiba chataka masharti yawe ya kadiri, na kifungu cha 123(3) cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai chaipa Mahakama Kuu uwezo wa kupunguza dhamana iliyowekwa na hakimu. Ombi kama hilo ni kurasa chache tu. Pia kisome kifungu cha 333(2): muda ambao mtu amekaa rumande lazima uzingatiwe anapofungwa. Ukipekua hukumu utakuta nyingi hazikuutaja kabisa, na kuna watu wanakula miezi ambayo walikwisha kuimaliza. Kazi hii haitakuweka magazetini, lakini mtu atalala kwao.

Kuhusu pesa: kesi za mauaji, mshtakiwa asiyejiweza huwekewa wakili na Serikali hulipa. Malipo ni madogo na huchelewa sana, usiyawekee hesabu ya kodi ya nyumba. Zungumza na mkubwa wako akuruhusu kushika kesi chache za jinai bila malipo ungali hapo. Akikataa, ndipo ufikirie kuondoka.

LikoniFeri:
Dada, samahani, lakini mjomba wako hakosei. Wakili Willie Kimani aliuawa Juni 2016 pamoja na mteja wake Josephat Mwenda na dereva wao wa teksi Joseph Muiruri, walipotoka korti ya Mavoko. Mwenda alikuwa amemshtaki polisi. Hukumu ilipatikana Julai 2022, na waliotiwa hatiani walikuwa polisi watatu na mtoa habari wao. Miaka sita familia zinangoja.

Na mashirika nayo si ngome. Mwaka 2015 akaunti za benki za Haki Africa na MUHURI, mashirika ya haki za binadamu ya hapa Pwani, zilifungwa, mpaka Mahakama Kuu hapahapa Mombasa ikaamuru zifunguliwe. Wafanyakazi walikula nini kipindi hicho? Sikukatazi. Weka akiba kwanza, na kesi ya kumshtaki polisi usiishike peke yako.

MsaidiziKisauni:
Mimi si wakili, ni msaidizi wa kisheria wa mtaani, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 yatutambua. Nakubali neno la akiba. Ila hofu hii isikufungie mlango, kwa sababu kazi nyingi hufanyika kabla mtu hajaonana na hakimu.

Mfano: vijana hukamatwa Ijumaa jioni. Katiba yasema saa 24, lakini saa hizo zikiishia wakati korti imefungwa, mtu hufikishwa siku ya korti inayofuata. Basi hulala selo hadi Jumatatu, na wazazi hapo katikati hukusanya pesa za kumpa yeyote asemaye anaweza kumtoa. Wakili akifika kituoni Jumamosi, akauliza namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) na kosa ni lipi, mambo hubadilika papo hapo. Mimi nikiuliza huambiwa ningoje nje.

Jambo jingine: ingia kamati ya watumiaji wa korti. Mahakimu, polisi, magereza, maafisa wa probesheni, wote hukaa meza moja. Hilo la nyumba bila ardhi lipelekwe pale. Mwamuzi mmoja akikubali risiti za kodi, ni bahati ya mtu mmoja. Kamati ikikubaliana, mtaa mzima umepata njia.

MamaKongowea:
Mwanangu alikaa rumande kwa kesi ambayo mwishowe aliachiliwa, hana hatia. Kibanda changu cha mboga nilikiuza kwa ajili ya nauli na chakula cha kumpelekea. Mwambie mamako hivi: wanaorudishwa rumande bado hawajahukumiwa, na mwizi hajulikani mpaka kesi isikizwe. Mimi ningemshukuru mtu mmoja tu aliyenieleza mle kortini wanasema nini.

BintiMajengo:
Mama, pole sana. Nimemsomea mamangu maneno yako, hakunijibu, lakini alitaka niyarudie.

MzeeWaKorti, nimeamua kubaki ofisini kwa sasa na kuomba ruhusa ya kesi za dhamana. Yule mama nilichukua namba yake ya simu. Nikienda Mahakama Kuu na ombi la kupunguza, niambatanishe nini ikiwa hana hati?

MzeeWaKorti:
Hati ya kiapo ya mama mwenyewe, aeleze anaishi wapi na tangu lini. Hizo risiti zote, usichague, maana ndizo zinazoonyesha kwamba ana makao na hawezi kuhama usiku. Barua ya chifu, na ya mzee wa mtaa ukipata. Kama kijana alikuwa na kazi, barua ya aliyemwajiri. Usiombe tu kiasi kishuke. Omba pia dhamana ya pesa taslimu badala ya bondi, kiasi ambacho familia yaweza kuchanga kweli. Muulize mama kwanza ni ngapi, kabla hujaandika chochote. Na pitia kwa MsaidiziKisauni, yeye anawajua machifu wa upande ule.

MsaidiziKisauni:
Niandikie sandukuni, dada. Jumatatu asubuhi niko kortini, twaweza kwenda kwa chifu baada ya hapo.