Tupeane uzoefu: Wastaafu wa miji midogo, mliishije kipindi cha korona?

Mwalimu mstaafu, Korogwe (mwanzisha uzi)

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Habari za korona za Dar es Salaam, Nairobi na Ulaya tumezisikia sana. Zetu sisi tuliostaafu tukaenda kukaa Korogwe, Mpwapwa, Voi au Pangani sijaziona zikiandikwa, na wenye kuzijua wanapungua kila mwaka. Naomba tuziandike hapa wenyewe. Siasa za ugonjwa tuziweke kando, zina nyuzi zake. Tuelezane maisha: siku yako ilikwendaje, ulikaa na nani, ulikosa nini, na ya zamani yapi yalikurudia. Naanza mimi.

Nilishika chaki mpaka miaka 60 ikatimia, nikajenga Manundu, hapa hapa Korogwe. Asubuhi bustani, mchana gazeti, saa kumi jioni kijiwe cha kahawa. Mnaovijua vijiwe mnajua mpangilio wake: dele, yaani birika la kahawa, juu ya jiko la mkaa, kashata kwenye sinia, vikombe vidogo visivyo na mkono, na ndoo moja ya maji ya kusuuzia. Kikombe kikitoka mdomoni mwangu kinachovywa kwenye ndoo, kinakwenda kwa mwenzangu. Tumekunywa hivyo tangu ujana.

Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya Ummy Mwalimu alitangaza mgonjwa wa kwanza, msafiri aliyetoka Ubelgiji akashukia uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA). Siku iliyofuata zikatangazwa kufungwa shule. Kijiweni kwetu hakuja mtu na amri yoyote. Muuza kahawa mwenyewe ndiye aliyeleta ndoo ya koki na kipande cha sabuni ya mche, akasema kuanzia kesho kila mzee na kikombe chake. Tukaja na vya bati, vya udongo, mmoja na kifuniko cha chupa ya chai. Kwa kuwa bei ni ya kikombe kidogo, alikuwa anapima kwa kile kile cha zamani halafu anakumiminia kwenye chako bila vikombe kugusana. Wazee wakaanza kulalamika kwamba kahawa imepoteza ladha. Nilivyoona mimi, zamani ulimsubiri mwenzio amalize ndipo upate kikombe, na mazungumzo yote yalikuwa humo kwenye kusubiri. Sasa kila mtu anakunywa chake, anaaga. Kikao cha saa mbili kikawa cha robo saa.

Nyumbani nako wajukuu waliletwa kutoka Dar, wakakaa nami mpaka shule zilipofunguliwa tarehe 29 Juni. Tukatengeneza kibuyu chirizi. Unatoboa dumu la lita tano karibu na shingo kwa msumari wa moto, unalining'iniza kwenye mti uliolazwa juu ya nguzo mbili za panda, unafunga kamba kutoka shingoni hadi kwenye kijiti cha kukanyaga. Ukikanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika, na mkono haugusi kitu isipokuwa sabuni iliyotundikwa pembeni. Wajukuu waliona kama babu amevumbua jambo.

Babu alikuwa anakumbuka tu. Mwaka 1973, nikiwa mwalimu kijana, kampeni ya Mtu ni Afya ilipita nchi nzima. Jioni tulikusanyika kuzunguka redio moja, tunasikiliza kipindi, kitabu kinasomwa kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma, tunajadiliana, kesho yake tunachimba vyoo na kufyeka nyasi kuzunguka nyumba. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Kipindupindu kilipovuma 1977 na 1978, choo na maji ya kuchemsha havikuwa habari mpya kwetu. Kwa hiyo mwaka 2020 walipopita vijana na kipaza sauti kutuhimiza kunawa, nilifurahi kwa dhati. Kilichoniuma ni kwamba hawakushuka kwenye gari kuwauliza wazee walifanyaje enzi zao.

Nesi mstaafu, Voi

Shikamoo Mwalimu. Kwetu Kenya korona ilikuwa na saa zake. Kafyu ilianza 27 Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Saa zikawa zinabadilishwa, lakini yenyewe ilikaa hadi 20 Oktoba 2021, Rais Uhuru Kenyatta alipoiondoa siku ya Mashujaa. Voi ni mji wa wasafiri. Usiku ndipo akina mama wanapouza chai na mayai kwa watu wa magari ya Mombasa na Nairobi. Saa kumi na mbili unawaona wanafungasha mikebe mbio mbio, na chai bado inafuka.

Mimi nilikuwa mkunga maisha yangu yote, na uchungu wa kuzaa haujui kafyu. Mama wa jirani alishikwa usiku, mwenye bodaboda akaogopa kutoka. Wakanigongea. Nilikuwa na glavu na wembe mpya kwenye kabati, tabia ya kazi haiishi. Mtoto wa kike alitoka salama, alfajiri tukawapeleka hospitali wote wawili. Sasa anasoma, akinipita barabarani anaamkia.

Kanisa ndilo lililoniliza. Julai 2020 nyumba za ibada zilipofunguliwa, masharti yalikuwa watu wasiozidi 100, ibada ya saa moja, na wasiingie watoto walio chini ya miaka 13 wala wazee waliozidi 58. Mimi ndiye niliyekuwa nafungua mlango Jumapili, napanga viti, nafuta vumbi kwenye mimbari. Nilielewa sababu vizuri kuliko wengi, maana mapafu ya mzee nayajua. Lakini kuelewa hakukunizuia kulia. Nilitoa ufunguo nikamkabidhi kijana, nikamwonyesha kiti kipi kina mguu mbovu.

Na mazishi. Rafiki yangu niliyeanza naye uuguzi alizikwa na watu 15, ndugu wa damu tu, kama ilivyoagizwa. Hakukuwa na matanga wala nyimbo za usiku. Tuliobaki tulichanga kwa simu, na hapo kulikuwa na nafuu kidogo kwa sababu kutuma M-Pesa ya hadi shilingi 1,000 hakukuwa na ada mwaka ule. Pesa ilifika. Sisi hatukufika. Hilo bado linanisumbua, naona niliseme hapa mbele za watu: hatukumzika vile alivyozika wengine.

Karani mstaafu wa forodha, Taveta

Dada wa Voi, pole sana. Mungu amrehemu huyo mwenzako.

La kwangu ni mpaka. Tarehe 16 Mei 2020 ilitangazwa kwamba mpaka wa Kenya na Tanzania umefungwa kwa watu, yapite malori ya mizigo tu. Vijana hapa waliduwaa. Mimi nilikaa na wenzangu wa umri wangu tukasema hii tumeiona. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mpaka ulifungwa hadi 1983. Watu walioana huku na huko wakakaa miaka bila kuonana. Dada yangu ameolewa Himo, upande wa Tanzania, na mama yetu alizeeka akimwulizia.

Mwaka 2020 ilikuwa miezi tu, tena kuna simu, tunaonana nyuso. Hata hivyo Jumatano na Jumamosi, siku za gulio la Taveta, soko lilipwaya. Wale akina mama wa ng'ambo wenye ndizi na vitunguu hawakuwepo, na ukipita unaona kabisa nafasi ya kila mmoja.

Mstaafu wa kivuko, Pangani

Assalaam aleykum. Nimefanya kazi ya kuvusha watu kati ya Pangani na Bweni, mto naujua kama kiganja changu. Nilipopata kiinua mgongo nilisema fungu la kwanza ni hija, mimi na mama watoto. Tukajiandikisha kwenda 2020. Nilikuwa na miaka 64.

Mwishoni mwa Februari 2020 Saudia ikasimamisha umra, ile hija ndogo, kwa wageni. Tukajipa moyo kwamba hija bado mbali. Juni ikatangazwa kwamba watahiji waliomo ndani ya Saudia tu, na wachache mno. Mwaka 2021 vile vile, watu 60,000, wote wa humo humo. Mwaka 2022 milango ikafunguliwa kwa mahujaji milioni 1 kutoka duniani kote, nikashukuru, kumbe sharti ni uwe chini ya miaka 65. Mimi nimeshatimiza 66.

Mama watoto alikuwa na 61. Watoto wakamwambia, mama tangulia, nafasi ikipatikana baba atafuata. Akawajibu kwamba safari hii tulinuia pamoja, hatangulii mtu. Zile ihramu alizikunja akaziweka na karafuu zisiliwe na mende. Kila baada ya muda anazitoa, anazianika, anazirudisha.

Kikomo cha umri kiliondolewa 2023 na tulikwenda, alhamdulillah. Magoti yangu yalikuwa mabovu kuliko ya 2020, sa'i, kule kwenda na kurudi kati ya Safa na Marwa, niliimaliza kwenye kiti cha kusukumwa. Lakini nawaambia vijana mnaosoma hapa: kama mzazi wako ana nia na uwezo upo, msaidie aende mapema. Msimwambie mwaka ujao.

Msikitini kwetu hawakufunga. Kilichokuwa kigeni ni kuachiana nafasi kwenye safu. Umefundishwa tangu utoto bega kwa bega, leo unamkwepa jirani yako ndani ya swala. Wazee wengine miguu iliwapeleka karibu bila wao kujua.

Naandika kwa niaba ya mama, Mpwapwa

Shikamooni wazee wangu. Mama hawezi kuandika kwenye simu, ananisimulia huku anachambua mchele.

Anasema msisahau nyungu, kule kujifukiza kwa mvuke wa majani. Mtaa mzima ulinuka mkaratusi na mchaichai, na tangawizi na malimau yakapanda bei sokoni. Anasema mvuke unafungua pua na kumfariji mtu, hilo halikatai, lakini mwenye presha asifunikwe blanketi akaachwa peke yake. Shoga yake aliishiwa nguvu humo ndani, bahati mjukuu alikuwa karibu akamfunua.

La pili ni chanjo. Rais Samia alichanjwa hadharani tarehe 28 Julai 2021, na waliotangulizwa ni watumishi wa afya, wenye maradhi sugu na waliozidi miaka 50. Majirani walimtisha mama kwa kila aina ya maneno. Yeye alipandisha mkono wa gauni akawaonyesha kovu la chanjo ya ndui aliyochanjwa akiwa mtoto. Akawauliza, ndui iko wapi leo? Mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida alikuwa Merka, Somalia, mwaka 1977, na kilichoimaliza ni makovu kama hili. Shoga zake wawili wakafuatana naye hadi kituoni. Binti aliyekuwa anachanja alikuwa hajawahi kuliona kovu la namna ile, akaomba aliguse.

Mwalimu mstaafu, Korogwe

Binti wa Mpwapwa, marahaba, na mwambie mama namsalimu sana. Hilo la makovu nimelinakili kwenye daftari langu.

Mzee wa Pangani, hija yenu ikubaliwe. Nesi, pole tena, na ahsante kwa yule mtoto.

Bado sijapata mtu wa mipakani, Namanga au Horohoro, aliyeona foleni ya malori wakati madereva wanasubiri vipimo. Walikuwepo akina mama waliowapikia. Nataka hasa kusikia kutoka kwao, hata kwa sauti. Mwenye kuweza kurekodi anitumie, nitaandika mimi.