Nakula Bom Prato kila siku, eti mboga na matunda hazinitoshi?

MtuWaTanga: Wakuu, habari. Nipo São Paulo, Brazil, mwaka wa tatu, nauza nguo mtaa wa Brás. Mchana ni Bom Prato tu, ile migahawa ya serikali ya jimbo iliyoanza mwaka 2000. Unatoa reali 1, unapewa wali, maharage, nyama, saladi, mkate, juisi na tunda.

Juzi nimeenda kituo cha afya, dada wa pale akaniuliza jana yake nilikula mboga na matunda mara ngapi. Nikamjibu kifua mbele: mimi kila siku! Akahesabu kwa vidole, hata vitatu havikufika. Nikaona ananionea.

Kesho yake nikaliangalia sinia langu vizuri. Kabichi nimeisukuma pembeni. Farofa, ule unga uliokaangwa wa kunyunyizia chakula, nimeomba waongeze. Chungwa nimetia mfukoni, jioni likaenda kwa mtoto wa jirani. Na si mimi peke yangu: pale dirisha la kurudishia masinia, ndoo ya mabaki imejaa majani, wali huuoni.

Sasa kinachotakiwa hasa ni kiasi gani?

Mzee wa BH: Kaka, Shirika la Afya Duniani linasema angalau gramu 400 kwa siku, yaani kama mafungu matano ya gramu 80. Viazi na muhogo havimo. Farofa yako ni unga wa muhogo, kwa hiyo umeongeza sifuri. Huku Belo Horizonte migahawa ya aina hiyo ipo tangu 1994, na mimi nilijidanganya vilevile. Pale unakula mlo mmoja tu. Asubuhi chai na mkate, usiku tambi na yai: majani yako wapi hapo?

MamaNtilieMstaafu: Mwanangu, nimepakulia watu Temeke miaka 12. Mtu akitoa hela yake ya mawazo anataka ashibe. Ukimjazia mchicha anakuuliza, "Mama, leo nyama imepanda?" Nikaanza kuutia ndani ya maharage ya nazi. Hakuna aliyeuchambua! Mwaga mchuzi wa maharage juu ya hiyo kabichi, itapita. Halafu huo muhogo, kisamvu chake kinahesabiwa, usiuseme vibaya wote.

BintiLubumbashi: Kisamvu, sisi kwetu sombe 😋. Ndugu, hapa São Paulo nenda kwenye soko la barabarani mchana wakiwa wanafunga, wenyewe wanaita xepa. Bei inaporomoka, wanataka kurudi na gari tupu. Mimi nachukua couve, ndiyo sukuma wiki yenyewe, nakata nyembamba, nakaanga na kitunguu. Ya Jumapili inanifikisha Jumanne.

MtuWaTanga: Shikamoo mama, nimejaribu leo. Mchuzi juu, kabichi yote imeisha, chungwa nimelimenya palepale mezani. Mzee aliyekaa mbele yangu kaniangalia weee, kisha akanisogezea na saladi yake.