Utani wa makabila umepigwa marufuku ofisini kwetu kwa memo, hii ni sawa kweli?

kijana wa bandarini:

Habari za jioni wakuu. Nina jambo limenikaa kifuani toka Jumatatu, naomba mawazo yenu, na samahani uzi utakuwa mrefu kidogo.

Niko kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini hapa Dar, tupo kama watu arobaini hivi. Toka nimeingia ofisi yetu ni ya utani. Kuna mzee wa stoo, Mnyamwezi wa Tabora, na kuna mama anayetupikia chai, Mzaramo wa Kisarawe, hawa wawili kila asubuhi wanafungua siku kwa kurushiana maneno, mzee atasema chai imechelewa leo sababu jana umekesha ngomani, mama naye anamjibu nyamaza wewe, babu yako alikuja pwani kajitwisha meno ya tembo mpaka leo ukoo mzima shingo hazijanyooka. Ofisi nzima tunacheka. Mama alipofiwa na kaka yake mwaka juzi yule mzee ndo alitangulia Kisarawe kabla yetu wote, akasimama mlangoni akazuia jeneza lisitoke mpaka wafiwa watoe hela, watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka, halafu huyohuyo mzee akavua shati akaingia kuchimba kaburi.

Sasa mwezi uliopita kaja dada mpya, Mgogo, yupo kwenye miezi ya majaribio. Kwenye kikao, na wateja wawili wapo, akaulizia nauli aliyotumia kupeleka nyaraka maana alitoa mfukoni kwake. Meneja akamjibu mbele ya wote, "nyie Wagogo kuomba mmezaliwa nako, si urudi kwenye mataa ukakinge bakuli." Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, siwafichi.

Dada akaandika malalamiko kwa HR. Jumatatu ikatoka memo kwamba kuanzia siku hiyo ni marufuku kutaja kabila, dini, timu ya mpira au maumbile ya mtu eneo la kazi, atakayekiuka atachukuliwa hatua za kinidhamu. Mpaka Simba na Yanga wakuu! Toka siku hiyo mzee wa stoo na mama wa chai wanapeana "habari za asubuhi" kila mtu anaenda zake. Yaani ofisi iko kama msiba uliokosa mtani.

Naomba kuuliza, hivi utani wetu sisi Watanzania ndo umeshakuwa kosa? Na uhuru wa mtu kusema uko wapi? Au kweli tulizidisha? Nawasilisha.

Mpare wa Usangi:

Mkuu mimi Mpare, toka nazaliwa naambiwa Mpare atauza ng'ombe agharamie kesi ya kuku, na mashemeji zangu Wachaga wananikumbusha kila Desemba tukipanda kaskazini, na mimi nawapa yao barabara. Sijawahi kulala na donge hata siku moja. Kwahiyo sio kwamba siupendi utani, naupenda sana, na ndo maana nasema umechanganya vitu viwili kwenye kapu moja.

Utani una utaratibu wake na wazee waliujua. Wangoni na Wahehe wewe unafikiri walianzaje kutaniana? Walipigana vita kali kati ya 1878 na 1882, wameuana kwelikweli, na utani wao ukatokea humohumo, watu walioshindwa kumalizana kwa mikuki wakaamua wamalizane kwa maneno. Wanyamwezi na Wazaramo ni njia ya misafara, wapagazi wanatoka Unyamwezi wanafika pwani wamechoka, ugenini, wanahitaji mwenyeji wa kuwapokea na wa kuwazika wakifa. Mtani anakutukana lakini ndo anayekuchimbia kaburi, umesema mwenyewe hapo juu. Haki ya kukutania ameilipia.

Sasa huyo meneja wako amelipia nini? Na yule binti angemjibu nini? Angemrushia na yeye la kwao halafu kesho aje kazini kama kawaida? Mtu asiyeweza kujibu hataniwi, anatukanwa. Hapo ndo mpaka ulipo kwangu mimi, sio kwenye neno kabila.

chuma_cha_reli:

Huyo meneja kabila gani kwani?

kijana wa bandarini:

@chuma_cha_reli hilo halihusu mkuu tusianzishe lingine

Sauti ya Mnyonge:

Mimi natofautiana kidogo na wote. Hiyo memo ni hatari kuliko maneno ya meneja.

Ibara ya 18 ya Katiba yetu ya 1977 inasema kila mtu anao uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake. Najua mtaniambia ibara ya 30 inaweka mipaka, nakubali, lakini angalieni mipaka huwa inamwangukia nani. Sheria ya makosa ya mtandao ilivyokuja 2015 tuliambiwa ni kwa ajili ya matapeli na wachochezi, kifungu cha 16 cha taarifa za uongo kikaenda kuwashika watu waliokuwa wanamsema mkubwa kwenye simu zao. 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, mtu mwenye blogu yake ya kijijini akatakiwa alipe leseni jumla inazidi milioni 2, wangapi walifunga? Sasa na ofisi zetu nazo zinaiga. Leo usitaje timu ya mpira, kesho usitaje mshahara, keshokutwa grupu la WhatsApp la wafanyakazi litavunjwa kwa sababu "lugha isiyofaa". Neno "lugha isiyofaa" ni kamba, linamfunga anayetakiwa kufungwa siku hiyo.

Na kinachoniuma zaidi, Mtanzania uhuru wa kumsema aliye chini yake anao toka zamani, hajawahi kunyimwa. Dada wa kazi, mlinzi, konda, mtu mfupi, mnene, mwenye makengeza, tunawasema tunavyotaka hakuna polisi. Uhuru tusiokuwa nao ni wa kumsema aliye juu. Sasa memo hii inaziba chini na juu kwa pamoja halafu mkubwa aliyesema kabaki palepale kwenye kiti chake. Au kaombwa aombe radhi? Mleta uzi hujasema.

kijana wa bandarini:

@Sauti ya Mnyonge hajaomba radhi mkuu. Kwenye memo hajatajwa popote. Na wateja wale wawili nao hawajaambiwa chochote.

mama_wa_faili:

Nimefanya kazi za HR miaka kumi na mbili, nichangie kidogo.

Memo ya watu wote mara nyingi ni njia ya kumkwepa mtu mmoja. Nasema hivyo kwa kuwa nimeshawahi kuiandika mwenyewe nikiwa bado mdogo kazini, mkubwa amekosea, huna ubavu wa kumwita, basi unawaandikia wafanyakazi wote waache kosa ambalo hawajafanya. Najuta mpaka leo maana yule aliyelalamika ndiye aliyechukiwa, wenzake walimwona kawaharibia.

Sheria haijasema usitaje kabila ofisini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, imetaja rangi, kabila au mahali anapotoka, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, VVU, umri na mengine, na kifungu hichohicho kinasema kumbughudhi mfanyakazi kwa misingi hiyo ni ubaguzi. Kwahiyo mzee wa stoo na mama wa chai hawana kosa, wanataniana kwa hiari na wako sawa kicheo. Bosi kumnyima mtu nauli yake halali kwa kumtajia kabila lake mbele ya wateja, hilo ni jambo la CMA kabisa, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, na ana siku 60 za kulipeleka.

Ila kuna kitu nataka mleta uzi amwambie huyo dada kwa faragha. Mtu ambaye hajatimiza miezi sita kazini hawezi kwenda kudai ameachishwa isivyo haki, kifungu cha 35 kinamtoa nje. Ubaguzi anaweza kulalamikia hata kama ana wiki moja. Kwahiyo aweke kila kitu kwa maandishi, tarehe, nani alikuwepo, alidai nauli kiasi gani. Akisubiri mpaka waseme "hakufaulu majaribio" atakuwa amechelewa. Na nyie mliokuwepo mkiitwa msijifanye hamkusikia.

Nakuru_boy:

Salamu kutoka Kenya. Mimi nikisoma hii naona mko na bahati sana, nyinyi bado mnaweza cheka na kabila. Sisi huku hiyo maneno ilituua. Baada ya uchaguzi wa 2007 watu zaidi ya 1,100 walikufa, mimi nilikuwa mdogo hapa Nakuru, jirani alikuwa anaitwa "doadoa", yaani mtu wa kabila la kuja, kama utani tu, miaka na miaka, madoadoa lilikuwa neno la kawaida Bonde la Ufa toka miaka ya tisini, halafu siku moja likaacha kuwa utani na nyumba yake ikachomwa. Ndio tukapata sheria ya 2008 na tume ya uwiano, NCIC, matamshi ya chuki ni faini mpaka shilingi milioni moja ama jela miaka mitatu ama zote mbili. Kabla ya uchaguzi wa 2022 tume ilitoa orodha ya maneno ya chuki, madoadoa liko, mende liko. Hilo la mende mnajua vile redio ya Rwanda ililitumia kuwaita Watutsi 1994.

Lakini nikuambie ukweli ndugu yangu, hata sisi marufuku haijamaliza kitu. Ofisini kwetu huwezi skia mtu akitaja kabila kwa sauti. Ikifika saa ya lunch watu wanakaa kikwao kikwao, wanaongea lugha yao na wewe uko hapo katikati na sahani yako. Hakuna mtu amekutusi. Afadhali huyo mzee wenu wa stoo, heri anitusi halafu aje matanga.

Ngozi Yangu:

Naandika nikiwa Mwanza. Mimi ni mtu mwenye ualbino, naomba mnisome taratibu.

Shuleni niliitwa zeruzeru, mwalimu aliita na wanafunzi wakaita. Mwaka 2008 hali ilipokuwa mbaya huku kanda ya ziwa, stendi vijana walikuwa wakiniona wanasema "dili hilo linapita." Walikuwa wanacheka. Kwao ulikuwa utani, lakini kipindi hichohicho watu kama mimi walikuwa wanakatwa viungo vikauzwe kwa waganga, na mama yangu alikuwa ananifungia ndani saa kumi na mbili jioni nikiwa mtu mzima mwenye ndevu. Kwahiyo mtu akiniambia neno ni neno tu halivunji mfupa, siwezi kumwelewa.

Ila na mimi nina langu kwa hao wa lugha sahihi. Ofisini kwetu sasa hivi hakuna anayesema zeruzeru, wote wanajua kusema mtu mwenye ualbino, kila tarehe 13 Juni, siku ya ualbino duniani, wanapiga picha na mimi. Meza yangu ipo dirishani jua linanipiga kuanzia saa nane mpaka tunatoka. Nimeomba kuhamishwa mara tatu. Nimeomba kioo kikubwa cha kompyuta maana macho yangu hayaoni maandishi madogo, naambiwa bajeti. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ipo toka 2010. Kuna mwenzangu mmoja Mkurya ananitania sana, ananiita Mzungu wa Sengerema, na huyo ndiye aliyetoa pazia kwake akaja kulitundika dirishani kwangu.

Sisemi mniite mnavyotaka. Hapana, lile neno la zamani silitaki mpaka nakufa. Nasema msiishie kwenye neno.

Mpare wa Usangi:

@Ngozi Yangu pole sana kaka. Nimesoma mara mbili.

mama_wa_faili:

@Ngozi Yangu andika ombi la nne kwa barua, weka nakala, na utaje hiyo sheria kwa jina na mwaka. Ukihitaji msaada wa kuiandika nitumie ujumbe, sihitaji hela yako.

kijana wa bandarini:

Wakuu nimerudi. Michango yenu nimeisoma yote usiku, na kuna kitu kilinichoma, kwamba mimi nimekuja kuwauliza nyie kabla sijamuuliza mwenye jambo lake. Leo mchana nikamfuata yule dada kantini.

Kwanza nikamwomba radhi kwa kile kicheko. Akanyamaza kidogo halafu akasema alikiona, alikuwa ananiangalia mimi wakati ule maana mimi ndo nilimwelekeza kazi wiki ya kwanza. Sikuwa na la kusema hapo.

Nikamuuliza kuhusu memo, akasema na yeye imemuumiza. Hakuomba watu waache kutaniana. Kuna Mhehe wa kitengo cha nyaraka anamtania kila siku, anamwita ombaomba kabisa, na yeye anamwambia mla mbwa, wanakula sahani moja. Barua yake kwa HR ina mambo mawili tu, arudishiwe nauli yake shilingi elfu kumi na nne, na meneja aseme mbele ya watu walewale kwamba alikosea. Hivyo viwili havijafanyika, kilichofanyika ni wazee wawili kuzibwa mdomo, na sasa mama wa chai anamwangalia kwa jicho baya akidhani yeye ndo kataka hivyo.

Nikamweleza ya siku 60 na ya miezi sita alivyoandika mama_wa_faili, akatoa daftari akaandika. Nikaenda na kwa mzee wa stoo nikamsimulia yote. Mzee akavua miwani, akasema kumbe binti hakuomba haya? Akaondoka hapohapo kwenda jikoni kwa mama wa chai.

Ijumaa tunaingia kwa HR, mimi, mzee, mama na yule Mhehe, tumeandika kwamba tulikuwepo na tulisikia, na tumesaini. Dada tumemwambia asije, abaki mezani kwake. Majaribio yake yanaisha tarehe 30.