Shabiki wa Simba kukaa jukwaa la Yanga siku ya dabi, inawezekana?

Wakuu, mi Simba damu ila shemeji yangu Yanga kanikatia tiketi ya dabi uwanja wa Mkapa, na tunakaa kwa wananchi (mashabiki wa Yanga) kabisa, kijani na njano tupu. Niende?

Jibu: Nenda mkuu. Mi Yanga, ile 5-1 tuliyowafunga Novemba 2023 pembeni yangu alikaa mnyama (shabiki wa Simba), tulimtania weee lakini hakuguswa, tukampa na maji. Jezi nyekundu tu acha nyumbani.

Jibu: Tatizo goli, Simba ikifunga mwili unaruka wenyewe! Kaa karibu na shemeji, yeye ndo kinga yako.

Jibu: Na mechi ikiisha msikimbilie geti, subirini watu wapungue ndo mtoke.