Bastola kwenye lori: njia ya Illinois au ya New Jersey?

DerevaHouston
Habari zenu ndugu. Naishi Texas kwa grinikadi (kadi ya ukaazi wa kudumu Marekani), na bastola yangu niliinunua dukani kihalali: nilijaza fomu 4473 ya mnunuzi wa silaha, FBI wakakagua jina langu, nikalipa, nikaondoka nayo. Huku hakuna daftari la kusajili silaha, na tangu 1 Septemba 2021 mtu wa miaka 21 asiye na kizuizi cha kisheria anabeba bila kibali. Sasa kampuni niliyoingia inanipa nichague njia, Chicago au Newark. Nitakuwa nalala ndani ya lori, mara nyingine uwanja wa kuegesha hauna hata taa. Njia ipi itaniruhusu niwe nayo?

MamaWawili_Aurora
Kaka, mimi naishi Illinois. Huku mkaazi hata risasi hauziwi bila FOID, kadi ya kumiliki silaha inayotolewa na polisi wa jimbo, dola 10 kwa miaka 10. Kubeba kwa kificho ni kibali kingine, dola 150 na mafunzo ya saa 16. Mimi nilisoma Jumamosi mbili, na ile shabaha ya karatasi niliyoipiga risasi 30 bado ninayo kabatini. Kibali cha Texas huku hakikupi ruhusa ya kutembea nayo mtaani. Ila mgeni mwenye kibali cha jimbo lake anaruhusiwa kuwa nayo garini, na akishuka aiache humo imefungiwa. Kwa hiyo usije na ule uhuru wa 2021 mkono mtupu. Katafute LTC, yaani kibali cha kubeba silaha cha Texas, bado wanakitoa. Magazini ya bastola isizidi risasi 15.

KM_Trenton
Newark achana nayo, nakusihi. New Jersey haitambui kibali cha jimbo lingine lolote. Uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa 2022, kesi ya Bruen, umerahisisha kupata kibali, lakini lazima ukiombe huku huku. Ukikamatwa na bastola bila kibali ni miaka 5 hadi 10, na kwa kawaida miezi 42 unaitumikia yote kabla ya kufikiriwa kutoka. Na wewe una grinikadi: hatia ya silaha inaweza kukurudisha nyumbani moja kwa moja.

Tumaini77
Si kuna sheria ya shirikisho ya 1986 inayomlinda msafiri?

KM_Trenton
Ipo, lakini inamlinda anayepita. Bastola iwe haina risasi, na kwa kuwa lori halina buti, ikae kwenye sanduku lenye kufuli, si kwenye kisanduku cha dashibodi. Tena unakotoka na unakoenda kote iwe halali kwako kuibeba. Anayeshusha mzigo Newark hapiti, amefika.

Babu_wa_Semi
Mwanangu, mkataba wa kazi umeusoma? Mimi silaha yangu ilikutwa chini ya kitanda cha lori. Polisi hawakuwa na neno nami, kampuni ndiyo iliyonifukuza siku ile ile. Nilirudi nyumbani kwa basi, begi mapajani.

DerevaHouston
Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Nimeusoma usiku wa jana: silaha marufuku ndani ya lori, jimbo lolote. Basi inabaki Houston ndani ya kasha, na nimechukua Chicago. Anayejua uwanja wenye taa na mlinzi upande wa Joliet, karibu na Chicago, anitajie, naondoka Jumatatu.